Taka za karatasi kuwa dari na kinga ya joto: hesabu ya nyuzi, unga na maji

Tope linalotoka kiwanda cha karatasi, hata likishakamuliwa kwa mashine, bado hubeba maji mengi: katika tani kumi za tope, tani sita hadi saba ni maji. Kinachobaki ni mchanganyiko wa vitu viwili visivyofanana tabia. Kimoja ni nyuzi fupi za miti zilizoponyoka kwenye machujio. Kingine ni unga wa madini, hasa kaolini (udongo mweupe laini) na kabonati ya kalsiamu, uliotiwa ili karatasi iwe nyeupe na iteleze. Anayetaka kuigeuza taka hii kuwa mali aanzie hapo, maana kazi nyingi zinazoharibika huharibika kwa sababu maji hayakuhesabiwa, au kwa sababu nyuzi zimepewa kazi ya unga na unga ukapewa kazi ya nyuzi.

Kwa watu wa Mtwara na Lindi kuna jambo la kuongeza. Huku kusini hakuna kiwanda cha karatasi. Kinachojulikana zaidi ni cha Mgololo wilayani Mufindi, kilichojengwa miaka ya 1980 kwa jina la Southern Paper Mills na sasa kikiitwa Mufindi Paper Mills. Kutoka huko hadi Mtwara mjini kwa njia ya Makambako, Songea, Tunduru na Masasi ni zaidi ya kilomita 900. Kupakia tope bichi kwenye lori kwa safari hiyo ni kulipia nauli ya maji. Lakini malighafi ile ile tunayo, tena ikiwa kavu: maboksi ya madukani, magazeti, madaftari yaliyokwisha, makaratasi ya ofisi na ya viwanda vya uchapaji, na mifuko ya saruji ile ya karatasi ya khaki. Nyingi huchomwa nyuma ya duka au huishia dampo.

Mahitaji nayo tunayo. Nyumba nyingi za mjini, na sasa za vijijini pia, zimeezekwa kwa mabati. Jua la Novemba linapopiga, hewa iliyobanwa kati ya bati na dari huweza kufika nyuzijoto 60. Tuchukue chumba cha mita 3 kwa 4, chenye joto la 30, na dari ya plaiwudi ya milimita 4. Plaiwudi nyembamba hivyo yenyewe haizuii kitu cha maana. Kinachozuia kidogo ni matabaka membamba ya hewa iliyotulia juu na chini yake. Joto linalopenya ni kama wati 100 kwa kila mita ya mraba, yaani wati 1,200 kwa chumba kizima. Ni sawa na kuwasha pasi ya umeme na kuiacha darini mchana kutwa. Ukitandaza juu ya dari hiyo sentimita 10 za nyuzi za karatasi zilizochambuka vizuri, joto linalopenya hushuka hadi wati 11 au 12 kwa mita ya mraba. Dirisha linalotazama magharibi na ukuta uliopigwa na jua vitaendelea kuleta joto lao, lakini lile la juu utakuwa umelikata karibu mara tisa.

Nyuzi zinafanya nini, unga unafanya nini

Kinachokinga joto ni hewa, karatasi ni kishikio tu. Nyuzi zikichambuka na kusukana ovyo huishika hewa katika vyumba vidogo sana hata isiweze kuzunguka, na hewa isiyozunguka hupitisha joto kidogo mno. Nyuzi za selulosi, yaani nyuzi hizi za miti zinazounda karatasi, zikiwa katika uzito wa kilo 40 kwa mita ya ujazo hupitisha takribani wati 0.04 kwa kila mita na kila nyuzijoto, kiwango kinachokaribiana na cha pamba ya kioo ya dukani. Unga wa madini hauna kazi hapo. Ukiwa mwingi huziba zile nafasi za hewa, huongeza uzito, na mwisho hujikusanya chini kama vumbi.

Kwenye kijazio mambo hugeuka. Kijazio ni kitu cha bei nafuu kinachochukua nafasi ndani ya kitu cha bei ghali: ndani ya rangi, plastiki, mpira, puti ya ukuta au saruji. Hapo unga laini ndio unaotakiwa, na nyuzi ndefu huleta mabonge na nywele juu ya uso wa kazi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchagua karatasi, na kipimo chake hakihitaji maabara. Pima gramu 10 za karatasi kavu, ichome kwenye sufuria safi la chuma mpaka weusi wote uishe na majivu yawe meupe, kisha pima majivu. Gazeti la kawaida na boksi la khaki huacha chini ya gramu moja hivi. Karatasi ya ofisi huacha gramu moja na nusu hadi mbili na nusu. Jarida lenye kurasa zinazong'aa huacha gramu tatu na kuendelea. Dondoshea majivu hayo siki: yakitoa povu, kuna kabonati ya kalsiamu. Karatasi yenye majivu kidogo ipeleke kwenye kinga ya joto. Inayong'aa iweke kando kwa ajili ya puti na vijazio. Ya ofisi inafaa kwenye bodi za dari.

Kuna karatasi ambazo hazifai kuingia kabisa. Risiti za mashine za EFD zimepakwa kemikali inayobadilika rangi kwa joto, na mara nyingi kemikali hiyo ni ya jamii ya bisfenoli. Usiisage na kuivuta puani. Pakiti za maziwa na za juisi zina plastiki na foili ndani. Mifuko ya saruji iangalie kwa makini, maana mingine ni ya plastiki iliyosukwa na inafanana na ya karatasi kwa mbali. Ipasue pembeni uone. Ile ya karatasi ni nzuri sana kwa sababu nyuzi zake ni ndefu, ila ikung'ute saruji yote kwanza, na uvae barakoa.

Kosa la kuloweka

Wengi wanaoanza hushika njia moja: huloweka karatasi, huiponda hadi iwe rojo, huianika, kisha hutegemea kupata nyuzi laini za kumwaga darini. Wanachopata ni vijiwe. Sababu iko kwenye selulosi yenyewe. Nyuzi zikilowa hulegea, na zinapokauka hugandamana upya kwa nguvu ile ile inayoifanya karatasi ishikamane bila gundi. Kadiri maji yanavyotoka ndivyo zinavyovutana, na mwisho hewa yote imefukuzwa. Rojo lililokauka halichambuki tena; ukilisaga unapata chembe nzito zenye uzito wa kilo 200 au zaidi kwa mita ya ujazo, zinazolemea dari na kukinga kidogo.

Kwa hiyo kinga ya kumwaga hutengenezwa kavu, mwanzo hadi mwisho. Maji ni ya bodi. Hili lina maana ya pekee kwa watu wa Newala na Tandahimba, kule juu kwenye uwanda wa Makonde ambako ndoo ya maji ina bei yake: kinga ya kumwaga haihitaji hata ndoo moja.

Kusaga

Mashine inayofaa ni ile ile ya kusaga nafaka yenye nyundo, ila chekeche lake libadilishwe. Matundu ya kusagia mahindi ni madogo mno. Karatasi huziba pale na mota hupata moto. Weka chekeche lenye matundu ya milimita 6 hadi 8. Karatasi ianikwe juani siku nzima kwanza, kisha ikatwe au ichanwe vipande vya sentimita 3 hadi 5. Ondoa pini zote za stepla na klipu, na funga sumaku kwenye mdomo wa kulishia. Pini moja ikigongwa na nyundo hutoa cheche, na cheche ndani ya vumbi la karatasi huweza kuwasha mashine nzima. Kwa sababu hiyo hiyo usivute sigara hapo wala usiruhusu vumbi lirundikane juu ya mota. Mashine ikishasaga karatasi na chumvi za boroni, zile za kuzuia moto na mchwa, isirudi kusaga unga wa ugali. Isiwe na kazi nyingine tena.

Kipimo cha kujua kama imechambuka ni ndoo ya lita 20. Ijaze kwa kuinyunyiza bila kushindilia, sawazisha mdomo, pima. Ikiwa na gramu 650 hadi 800, kazi ni nzuri. Ikifika kilo moja na nusu, karatasi ilikuwa na unyevu, au nyundo zimechakaa na zinakata badala ya kuchambua, au umechanganya karatasi zinazong'aa.

Chumvi za moto na mchwa

Karatasi tupu juu ya dari ni kiberiti, na kwa ukanda wetu ni chakula cha mchwa pia. Dawa ya vyote viwili ni chumvi za boroni, nazo ni mbili zinazofanya kazi kwa kusaidiana: boraksi huzuia mwako wa ndimi za moto, asidi ya boriki huzuia moto wa chinichini unaotambaa bila kuonekana. Ukitumia moja tu utazuia nusu ya hatari. Kwa chumba chetu cha mita 3 kwa 4, kinga ya sentimita 10 ina uzito wa kilo 48: kilo 41 za karatasi, kilo 3.5 za boraksi na kilo 3.5 za asidi ya boriki. Hiyo ni karibu asilimia 15 ya uzito wote, na kupunguza hapo ili kuokoa pesa ni kuharibu kila kitu, kwa kuwa chumvi ndiyo sehemu ghali na ndiyo inayomlinda anayelala chini yake.

Saga chumvi peke yake kwanza hadi iwe laini kuliko sukari ya unga, kisha inyunyize kidogo kidogo pamoja na karatasi inapoingia kwenye mashine kwa mara ya pili, ili nyundo ziipigilie kwenye nyuzi. Chumvi yenye chembe kubwa haishiki. Jaza ndoo, itikise kwa dakika mbili, kisha imwage taratibu: ukikuta unga mweupe umejikusanya chini, chumvi haikulainika, na darini itafanya hivyo hivyo, ya juu ibaki bila kinga.

Jaribu moto kila ukimaliza mkupuo mmoja. Weka konzi mbili juu ya wavu wa chuma, nje, mbali na mzigo. Elekeza mwali wa gesi kwa dakika moja, kisha uondoe. Mwali uzimike papo hapo, na wekundu ufe wenyewe ndani ya muda mfupi. Uache hapo hapo usiku kucha. Ukikuta asubuhi sehemu iliyogeuka majivu ni kubwa kuliko ile uliyoiunguza, moto ulitambaa, na mkupuo huo urudi mashineni uongezewe asidi ya boriki.

Watu huuliza kuhusu mbolea ya SA, kwa kuwa inapatikana kila duka la pembejeo na ni rahisi. Ni kweli amonia salfeti huzuia moto. Lakini kwenye hewa yenye unyevu na chumvi ya bahari, kama ya Mikindani, Lindi mjini au Kilwa, hula mabati, misumari na viunganishi vya nyaya, na hutoa harufu ya amonia. Usiitumie juu ya dari.

Chumvi za boroni nazo si za kuchezea. Vaa glovu na barakoa, weka mbali na watoto na vyakula, na usizihifadhi kwenye makopo ya unga au ya chumvi ya mezani. Asidi ya boriki ikiingia mwilini kwa wingi huathiri uzazi. Kwa sababu hiyo pia, ghala la korosho au la nafaka lisiwekewe kinga ya kumwaga hata kidogo, maana vumbi litapenya kwenye nyufa za dari na kuangukia mzigo. Kule weka bodi.

Darini

Kabla ya kupandisha hata ndoo moja, rekebisha paa. Kila tundu la msumari linalovuja libainike na kuzibwa, maana chumvi za boroni huyeyuka kwenye maji: panapovuja kila mvua, karatasi hubaki bila chumvi na mchwa huingia kupitia hapo hapo.

Kinga ya kumwaga hujishindilia kadiri miezi inavyopita. Ukitaka sentimita 10 zibaki, mwaga 12. Kwa chumba chetu ni ndoo 72 za lita 20. Piga msumari au weka alama ya rangi ya sentimita 12 kwenye kila mguu wa kenchi kabla ya kuanza, la sivyo katikati patajaa na pembeni, ambako mtu hafiki vizuri, patabaki wazi. Na pembeni ndiko penye upepo. Kusi likivuma kuanzia Mei huingia kwenye uwazi wa ukingo wa paa na kuipeperusha kinga yote kuelekea upande wa pili. Weka vizuizi vya mbao nyembamba au bati vyenye kimo cha sentimita 20 kwenye ukingo huo, lakini usizibe njia ya hewa iliyo juu ya kizuizi.

Njia hiyo ya hewa ni ya lazima. Usiku wa anga jeupe bati hupoa haraka kuliko hewa, na alfajiri upande wake wa chini hutoa jasho linalodondoka. Pakiwa na nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati ya kinga na bati, na upepo unapita, kinga hulowa juu kidogo na kukauka kabla ya adhuhuri. Ukijaza hadi igusane na bati, unyevu hautoki, na baada ya msimu mmoja utasikia harufu ya ukungu chumbani.

Umeme unahitaji uangalifu wa aina yake. Waya uliozikwa ndani ya kinga hauwezi kupoa, na uwezo wake wa kubeba mkondo hushuka hadi kama nusu. Waya wa jiko, kiyoyozi au hita ya maji upandishwe juu ya kinga na kufungwa kwenye kenchi. Taa zilizochongewa ndani ya dari zizungushiwe bati lililokunjwa duara, lenye nafasi ya sentimita 8 pande zote. Juu ya jiko la kuni au la mkaa usiweke kinga ya kumwaga, hata kama imefaulu jaribio la moto.

Jambo moja hulalamikiwa: usiku nyumba hupoa polepole. Ni kweli, kwa kuwa kinga hiyo hiyo huzuia joto lisitoke kwa juu. Joto la kuta litoke kwa madirisha, na nyavu za mbu ziwekwe vizuri ili madirisha yaweze kuachwa wazi.

Bodi za jipsamu na nyuzi

Hapa ndipo maji huingia, na hapa ndipo kusini tuna bahati. Jiwe la jipsamu linachimbwa Kilwa, eneo la Makangaga. Jiwe hilo likisagwa halishiki lenyewe. Lina maji yaliyofungwa ndani yake, kama asilimia 21 ya uzito. Linachomwa kwa nyuzijoto 140 hadi 160 ili robo tatu ya maji hayo yatoke, na unga unaobaki ndio ule unaoganda ukichanganywa na maji. Kwenye sufuria pana utauona unga ukichemka kwa mvuke. Endelea kukoroga mpaka utulie. Ukiuacha upite mbali sana, utapata unga usioganda ipasavyo. Ukiutoa mapema, chembe mbichi zilizobaki zitaufanya ugande haraka mno mkononi. Kwa sababu hiyo hiyo ndoo yenye mabaki ya jana huharibu mchanganyiko wa leo: chembe zilizokwisha kuganda huuharakisha mpya. Osha ndoo kila mara.

Bodi ya sentimita 60 kwa 60, unene milimita 12, inahitaji kilo 3.6 za unga wa jipsamu, gramu 180 za nyuzi kavu na lita 2.9 za maji kwa jumla. Neno la kuzingatia ni "kwa jumla". Rojo la karatasi lililokamuliwa kwa mkono bado limejaa maji, na fundi asiyeyahesabu huishia na uji mwepesi na bodi dhaifu inayovunjika kwenye kona. Pima gramu 100 za rojo lililokamuliwa, likaushe mpaka uzito usishuke tena. Tuseme zimebaki gramu 22. Basi gramu 180 za nyuzi kavu ziko ndani ya gramu 818 za rojo, na rojo hilo limekuja na maji gramu 638. Kwa hiyo unaongeza lita 2.26 tu.

Karatasi ya bodi ilowekwe usiku kucha na kupondwa mpaka herufi zisisomeke. Anza na maji kwenye ndoo safi, vunja rojo ndani yake hadi mabonge yaishe, kisha nyunyiza jipsamu juu na uiache inywe maji kwa dakika moja kabla ya kukoroga. Mimina kwenye fremu iliyolazwa juu ya kioo kilichopakwa mafuta kidogo. Mimina nusu, tandaza nyuzi za mkonge zenye urefu wa sentimita 10 hadi 15 zikipishana, mimina nusu ya pili, sawazisha kwa rula ya mbao. Mkonge, zao ambalo Lindi inalijua tangu enzi za Wajerumani, ndio unaoishika bodi isianguke vipande hata ikipata ufa. Baada ya dakika 15 hadi 20 bodi hushika na kupata joto kidogo. Ikianza kupoa, itoe.

Usiilaze. Isimamishe kwa ubavu kivulini penye upepo, na uache nafasi ya vidole vinne kati ya bodi na bodi. Bodi iliyolazwa chini hukauka juu tu, ikapinda. Maji yanayotakiwa kuondoka ni kama lita 2.2, na mizani ndiyo inayosema kama yameondoka: bodi kavu ina uzito wa kilo 4.4 hadi 4.5. Kuanzia Juni hadi Oktoba siku nne hadi saba hutosha. Katika miezi ya mvua, Desemba hadi Aprili, huweza kupita wiki mbili, na wanga ulio kwenye gundi ya maboksi huota madoa meusi ya ukungu. Afadhali kutengeneza bodi za mwaka mzima wakati wa kiangazi. Usijaribu pia kuharakisha kwa kuziweka juu ya bati lenye jua kali: kuanzia nyuzijoto 50 hivi jipsamu yenyewe huanza kupoteza maji yake ya ndani, na uso hugeuka chaki.

Asilimia 5 ya nyuzi ndicho kiwango cha kazi ya mkono. Viwanda hutia hadi asilimia 20, lakini vina mashine za kukandamiza na kunyonya maji. Bila mashinikizo, nyuzi nyingi hushika hewa na maji, na bodi huwa na matundu.

Bodi hizi pamoja na kinga juu yake zina kilo 16 hivi kwa mita ya mraba, karibu kilo 200 kwa chumba chetu. Mbao za dari za mbili kwa mbili zipishane kwa sentimita 60, na kila kiungo cha bodi kiangukie kwenye mbao. Kenchi iliyokwisha kuliwa na mchwa ibadilishwe kwanza. Wapo wanaopaka mbao mafuta ya maganda ya korosho, na kwa nguzo ya uzio ni kinga ya kweli dhidi ya mchwa, ingawa yanaunguza ngozi na yanataka glovu. Darini yasipande: yanashika moto vizuri mno. Jipsamu kwa upande wake hutoa maji yake inapopata moto na kuuchelewesha, hivyo kinga iliyo juu yake hupata muda.

Matofali ya karatasi, na yale ya viwandani

Matofali ya karatasi na saruji yanasifiwa sana kwa wepesi wake. Kwa ukuta wa ndani usiobeba paa yanakubalika. Kwa ukuta wa nje wa Mtwara hapana. Yananyonya maji, yanasinyaa sana yakikauka na kuacha nyufa kwenye viungo, na wanga wa maboksi huchelewesha saruji kushika. Ukishaipiga plasta ya kutosha kuyalinda na mvua, umekula ile faida yote.

Zile karatasi zinazong'aa ulizoziweka kando zipe kazi ya puti: zilowekwe siku mbili, zipondwe, zipitishwe kwenye chekeche la unga, na rojo laini lichanganywe na jipsamu kwa kuziba viungo vya bodi. Puti hiyo husinyaa kidogo tu na husuguliwa kwa msasa vizuri.

Viwanda vikubwa vina njia nyingine. Tope lenye kaolini nyingi likichomwa kati ya nyuzijoto 650 na 750, nyuzi huungua na kaolini hugeuka metakaolini, kijazio kinachoshiriki kwenye saruji kwa kushikana na chokaa yake. Likipita 800 na ushee uwezo huo hupungua. Udhibiti wa joto wa namna hiyo hauko kwenye tanuri la matofali, lakini uko kwenye kiwanda cha saruji, na Mtwara ina kikubwa. Viwanda vya karatasi za khaki hutoa pia tope la chokaa, ambalo kwa sehemu kubwa ni kabonati ya kalsiamu. Likioshwa na kukaushwa hufaa kwenye rangi na kwenye mashamba yenye udongo wa tindikali.

Kwa anayetaka kuuza na si kutumia nyumbani tu, weka sampuli ya kila mkupuo kwenye mfuko wenye tarehe, uzito wa ndoo na matokeo ya jaribio la moto, na peleka bidhaa TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kabla ya kuipa jina la kinga ya moto. Mvua za kwanza zikinyesha, panda darini na tochi ukague. Sukuma mkono ndani ya kinga chini ya kila kiungo cha bati. Mahali palipolowa, toa kinga yote ya hapo hadi kwenye bodi, ziba bati, na ujaze nyingine mpya. Iliyolowa usiianike na kuirudisha: imeshapoteza chumvi yake na imegandamana.